Kusimamia mjengo kwa Taskwarrior, na kwa nini tarehe ndizo zitakazokusumbua

Jumamosi moja nilikaa na shemeji yangu mezani kwake Umoja, Nairobi, yeye na daftari lake, mimi na kompyuta. Anasimamia ukarabati wa nyumba nne za kupanga. Wiki hiyo fundi wa vigae alifika kazini akakuta fundi wa bomba bado amechimbua sakafu ya choo, akadai pesa ya siku yake na kuondoka. Haki yake. Daftari lilikuwa na kazi zote mbili, lakini hakuna mstari uliosema kwamba hii inangoja ile.

Nilimwekea Taskwarrior. Ni programu huria, bure, na unaiendesha kwa kuandika amri kwenye teminali. Haili bando, na hata kompyuta nzee inaimudu. Programu za kupanga kazi zinazofunguka kwenye kivinjari nimeziacha kabisa kwa shughuli za mjengo: fundi akikuuliza afanye nini, unataka jibu wakati huo huo, mtandao uwepo usiwepo.

Hatua ya 1: Kuiweka

Kwenye Ubuntu:

sudo apt install taskwarrior

Amri yenyewe ni task. Usiichukue kupitia snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu, kwa jina hilo la task, maana utapata programu nyingine kabisa. Ukiiendesha mara ya kwanza itauliza kama ikuundie faili ya mipangilio, .taskrc. Kubali.

Hatua ya 2: Kuandika kazi

task add project:Umoja.A2 "Kung'oa vigae vya choo"
task add project:Umoja.A2 "Kubadilisha mabomba"
task add project:Umoja.A2 "Kupanga vigae vipya"

Nukta kati ya Umoja na A2 inafanya nyumba A2 iwe ndani ya mradi wa Umoja. Zile alama za kunukuu usiziache. Kiswahili kina ng' nyingi, na ukiandika Kung'oa bila kuifunga hivyo, teminali inadhani umefungua nukuu na kukaa kimya na alama ya > ikikusubiri. Ikikupata, bonyeza Ctrl+C uanze upya.

Hatua ya 3: Nani anamngoja nani

task 2 modify depends:1
task 3 modify depends:2

Namba ni zile Taskwarrior inazozipa kazi kwa mfuatano ulioziandika, na depends:1 maana yake inangoja kazi ya 1. Mistari hii miwili ndiyo iliyonifanya nimwekee programu hii. Sasa ukiandika task next, kila kazi inapewa alama za uharaka: inayozuia nyingine huongezewa 8, inayozuiwa hupunguziwa 5, kwa hiyo mabomba yatapanda na vigae vipya vitashuka vyenyewe. Ukitaka tu zile ambazo bado zimefungwa, andika task blocked. Kuna pia priority:H, yaani kipaumbele cha juu, lakini nakusihi usianze nayo. Kila mwenye nyumba huona kazi yake ni ya haraka, na baada ya wiki utakuwa na H thelathini.

Angalia namba kabla ya kila amri. Kazi zikikamilika, namba za zilizobaki hubadilika, na iliyokuwa 3 jana inaweza kuwa 2 leo.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa tafadhali soma polepole.

Jumatano shemeji aliandika:

task 2 modify due:friday

Ijumaa saa mbili asubuhi akanipigia: "Shemeji, mbona hii inasema nimechelewa na mafundi ndio wanaingia?" Kwake, na kwa mtu yeyote wa mjengo, kazi ya Ijumaa ni ile inayoisha kabla watu hawajafunga Ijumaa jioni. Kwa Taskwarrior, due:friday ni saa sita usiku, Ijumaa inapoanza. Asubuhi ikifika, muda umeshapita. Kwa hiyo taja saa kila mara:

task 2 modify due:friday+17h

Au tarehe kamili, ambayo ndiyo ninayoipenda kwa sababu haina utata:

task 2 modify due:2025-06-13T17:00

Alipojaribu mwenyewe aliandika T11:00, kwa kuwa alitaka saa kumi na moja jioni. Kompyuta ikaelewa saa tano asubuhi. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, chukua saa ya Kiswahili uongeze 6: kumi na moja inakuwa 17, mbili asubuhi inakuwa 08.

Jambo jingine: ukiandika friday siku yenyewe ikiwa Ijumaa, unapata Ijumaa ijayo. Tumia today+17h. Ukiwa na shaka yoyote, uliza kwanza:

task calc friday+17h

Itakuonyesha tarehe na saa bila kugusa kazi yoyote.

Kuna na hili lililonilia jioni nzima. Nilikuwa nimenakili kazi zangu kwenye seva ya kukodi. Nyumbani kazi moja ilisema Ijumaa tarehe 13, kwenye seva ikasema Alhamisi tarehe 12. Nilidhani faili zimeharibika njiani. Nikafuta, nikanakili upya, nikafuta tena. Mwisho nikaandika task 4 export, nikaona due imehifadhiwa hivi: 20250612T210000Z. Hiyo Z ni saa ya UTC, ile saa ya kimataifa. Nairobi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo saa sita usiku ya kwetu ni saa tatu usiku ya jana yake kule. Faili zilikuwa nzima, ila seva ilikuwa inasoma saa ya UTC. Dawa ni moja:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Kisha andika date uhakikishe inasema EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Kwa kawaida orodha huonyesha siku tu bila saa, ndiyo maana kosa hili linajificha. Saa utaiona kwa task 4 info.

Hatua ya 5: Kila siku

Asubuhi task next. Kazi ikiisha, task 1 done. Ukikosea, task undo. Mwenye nyumba akiuliza tumefika wapi, task project:Umoja summary inatoa asilimia.

Hatua ya 6: Kodi ya KRA

Kodi ya mapato ya nyumba za kupanga hulipwa kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mimi huweka 18, nisije nikahangaika na mtandao dakika za mwisho:

task add project:Kodi "Kulipa kodi ya nyumba" due:2025-07-18T17:00 recur:monthly

Bila due, recur itakataa.

Hatua ya 7: Nakala

task export > kazi.json

Fanya hivi kila Jumamosi, na lazima kabla ya kuhama kutoka toleo la 2 kwenda la 3. Toleo la 3, lililotoka 2024, huhifadhi kazi kwa namna tofauti, na ukilifungua bila kuingiza nakala yako kwa task import kazi.json utakuta orodha tupu. Shemeji anaiweka kwenye flashi, ndani ya lile daftari.