Kukabidhi ardhi ya kaunti kwa serikali kuu ya Marekani: anza masijala

Kwa miaka minane nimekuwa karani wa hati za ardhi katika kaunti moja kaskazini mwa Minnesota. Wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoajiriwa kwenye ofisi kama hii huniuliza: kaunti ikitaka kuipa serikali kuu kiwanja, tuanzie wapi? Anza masijala. Kikao cha makamishna, yaani baraza linaloongoza kaunti, kitafuata.

Kwanza hakikisha ardhi ni ya kaunti kweli. Hapa Minnesota, ardhi iliyotwaliwa kwa kutolipiwa kodi inashikiliwa na jimbo kwa amana, kwa niaba ya mamlaka za mitaa zinazotoza kodi. Kaunti inaisimamia tu. Azimio la makamishna peke yake haliwezi kuihamisha. Kwa hiyo fuata hati moja baada ya nyingine kurudi nyuma, na uangalie pia nani alibakiza haki ya madini.

Kisha vaa mabuti uende na mpima ardhi. Kuna kiwanja cha ekari 14 nilichokizunguka kwa miguu mwezi wa Aprili, theluji bado imo mitaroni. Kwenye karatasi hakikuwa na dosari. Upande wa mashariki nikakuta ua wa jirani umeingia hatua nne ndani ya mpaka, nyasi zimefyekwa vizuri, na bembea ya mtoto inaning'inia kwenye mti. Mawakili wa serikali kuu wanataka kujua nani anaitumia ardhi, si nani ameandikwa tu. Kuyamaliza na yule mama mwenye bembea kulichukua miezi saba, na tungeyajua mapema tungekwenda kwake kwa upole kabla ya mambo ya barua za mawakili.

Uchunguzi wa mazingira, ule wa kuangalia kama ardhi imechafuliwa, usiufanye mapema mno. Sehemu zake kadhaa, kama ukaguzi wa kiwanja na mahojiano, zikipita siku 180 kabla ya makabidhiano lazima zirudiwe.

Kwenye hati, anayepokea ni «United States of America», si jina la idara itakayoitumia ardhi. Na kama serikali kuu inanunua, hati ipitiwe na kuidhinishwa chini ya mamlaka ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani kabla fedha hazijatoka.

Tafadhali usiwaahidi makamishna PILT, yale malipo ya badala ya kodi yaliyowekwa na sheria ya 1976. Kwa kawaida, ardhi iliyokuwa ya kaunti na haitozwi kodi siku ya kukabidhiwa haihesabiwi. Waambie hivyo kabla ya kura, kwa maana pesa hiyo wengine huwa wameshaipangia barabara.

Hati ikishasainiwa mbele ya notari, ipeleke kwa msajili siku hiyohiyo. Omba nakala mbili zilizothibitishwa, moja ibaki kwenye faili la kaunti pamoja na ramani ya mpima.