Kabla hujaifungua taa kongwe ya mezani

Taa ninayoandikia usiku ilikuwa ya babu yangu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, Mombasa. Ilikaa miaka mingi juu ya kabati nyumbani Mji wa Kale, kichwa kimeinama, waya wake umevikwa uzi wa pamba uliogeuka rangi ya chai. Siku niliyoichomeka iliwaka bila tabu nami nikafurahi. Nikaishika shingo ili niigeuze, niko miguu mitupu juu ya sakafu ya simiti iliyotoka kupigwa deki. Ikanipiga. Haikunitupa, lakini mkono ulikufa ganzi hadi kiwikoni.

Tangu siku hiyo, kila anayeniletea taa ya zamani namwambia kwamba kuwaka si dalili ya uzima. Kazi iliyo kubwa ni ile ya kabla ya kushika bisibisi, na mwanzo wake hauko kwenye taa. Uko ukutani kwako.

Soketi zetu za Kenya ni za pini tatu, volti 240. Ile pini ndefu ya juu ni ya waya wa ardhi, ambao mafundi wanauita athi. Ikitokea waya wenye moto, yaani layivu, umegusa mwili wa chuma, athi huipa stima njia nyepesi ya kukimbilia ardhini, fyuzi ikatike papo hapo badala ya mwili wa taa kukaa na moto ukingoja mkono wa mtu. Lakini katika nyumba kongwe si ajabu kukuta soketi yenye matundu matatu ambayo nyuma ya tundu la juu hakuna waya wowote. Au waya upo, ila fimbo iliyozikwa nje imeliwa na kutu, au ilikatwa siku ya kuchimba msingi wa chumba cha nyongeza. Kwa macho hutajua. Kuna kipimo kidogo cha kuchomeka chenye taa tatu, kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya stima, nacho hukuonyesha kama athi ipo na kama layivu na nyutro, yaani waya unaorudisha stima, hazikubadilishana mahali. Hakikuambii athi hiyo ina nguvu kiasi gani. Hilo mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na kazi yoyote ya nyaya za ukutani ni yake pia. Soketi ikionekana haina athi, taa yako ya chuma na isubiri. Najua inauma kusubiri ukiwa umeshanunua kila kitu, na ndiyo maana nasema upime kabla ya kununua.

Ukuta ukishakuwa sawa, ijue taa uliyo nayo. Nyingi zilizobaki mikononi mwetu ni za Kiingereza au zimeiga za Kiingereza, na mashuhuri kuliko zote ni Anglepoise. Mhandisi George Carwardine alisajili uvumbuzi wake mwaka 1932, na kiwanda cha springi cha Herbert Terry mjini Redditch kikaitengeneza. Modeli ya 1227, yenye springi tatu karibu na kitako, ilitoka 1935. Nayataja haya kwa sababu ya hizo springi. Zimevutwa wakati wote, na ukiufungua mkono wake kiholela springi inaweza kuruka usoni. Miwani ya kukinga macho iwepo, mikono ya taa ifungwe kwa kamba kabla ya kulegeza nati yoyote, na simu yako ipige picha kila hatua, pande zote. Mimi nilidhani nitakumbuka wasa ipi, yaani kipete cha chini ya nati, ilitangulia ipi. Sikukumbuka.

Shika sumaku pia. Kikionekana kama shaba kikashika sumaku, basi ni chuma kilichopakwa shaba juu, na ukikisugua sana utaitoa shaba yote. Shaba tupu haina neno, ndimu na ukwaju vya jikoni vinaisafisha kama vinavyosafisha masinia ya arusi, mradi usuuze sana baadaye. Swichi na holda (vishikio vya balbu) za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kahawia au nyeusi, huvunjika kama kigae zikikazwa kupita kiasi. Usiziloweke kwenye thina.

Sasa waya. Hapa watu wengi hubembeleza cha zamani, na mimi naelewa kwa nini. Ule uzi wa pamba unapendeza. Lakini chini yake kuna mpira wa asili, na mpira huo miaka ikipita hukauka, ukawa kama ganda la mkate, ukipinda kidogo unapukutika na shaba inabaki uchi ndani ya bomba la chuma. Hivyo ndivyo ya babu ilivyonipiga. Waya wa zamani hautengenezwi, hutolewa wote, tangu plagi hadi holda. Ukipenda sura ile ya pamba, zipo kebo mpya zenye plastiki ndani na kitambaa nje.

Kabla ya kuutoa, soma rangi zake. Taa za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 zilitumia nyekundu kwa layivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa athi. Za baadaye ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa manjano. Ukikuta nyaya mbili tu kwenye taa ya chuma, haikuwahi kuwa na athi, na wewe ndiye utakayeitia. Nunua kebo yenye nyaya tatu ndani, unene wa milimita 0.75 za mraba, na iwe ya nyuzinyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa kupitisha ukutani haufai kabisa, maana taa hupinda kila siku na waya wa namna hiyo hukatika kwa ndani bila wewe kuona. Pima urefu mikono ya taa ikiwa imenyooshwa yote, uongeze kitanzi kidogo kwenye kila kiungo.

Dukani omba kukwaruza ncha ya kebo kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, na ikitokea weupe ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, irudishe. Tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Holda nayo ina mambo yake: chukua ile ya zamani mkononi uende nayo, kwa sababu tundu la shina linaweza kuwa la nusu inchi na holda nyingi za sasa ni za milimita 10. Holda ya shaba iwe na skrubu ya athi. Ikiwa ni ya balbu ya kuzungusha, layivu huenda kwenye kidoti cha katikati, kamwe si kwenye ule mzunguko wenye nyuzi za skrubu unaoguswa na vidole. Swichi ikate layivu. Ununue pia mpira wa kuvalisha tundu la kitako, ili ukingo wa chuma usiikate kebo, na kibano cha ndani cha kuishika isivutwe.

Na fyuzi! Balbu ya wati 60 kwa volti 240 huvuta robo ampea tu, lakini plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13. Kebo nyembamba itapata moto wa hatari kabla fyuzi hiyo haijashtuka. Tia ya ampea 3. Balbu ya LED ya wati 6 au 7 inatosha, nayo haichomi rangi ya kofia wala holda.

Kuhusu rangi, neno letu sisi wa Pwani ni chumvi. Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya chuma, na ukipaka rangi juu yake, baada ya miezi michache rangi inavimba malengelenge. Chuma kioshwe kwanza, kikiwa kimevuliwa kila kitu cha stima, na kioshwe kwa maji matamu. Visima vingi hapa mjini ni vya maji ya chumvi, kwa hiyo nunua mtungi mmoja kwa mwenye mkokoteni au utumie ya mvua. Kikaushe juani siku nzima. Kama unaweza kuchagua, ngoja kaskazi. Wakati wa masika hewa imejaa maji na rangi ya kupuliza hukauka ikiwa na ukungu.

Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipige msasa mkavu, tumia msasa wa maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na vumbi lililolowa ulikusanye kwenye mfuko. Ukikuta ndani ya kofia kitu cheupe kama karatasi nene au kitambaa cha nyuzi, kinaweza kuwa asbesto, usikiguse wala kukipuliza. Taa hiyo niachie nafasi ya kukushauri uiweke kama pambo.

Mwisho uwe na mita ya kupimia stima, hata ya bei ndogo, na uazime kama huna. Kabla ya kuchomeka popote, balbu ikiwa imetolewa na swichi imewashwa, pima kutoka pini ya athi hadi kila kipande cha chuma: kitako, mikono, shingo, kofia. Isome chini ya omu moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa stima). Rangi na kutu kwenye viungo huzuia stima, kwa hiyo kitako kinaweza kuwa na athi huku kofia haina, na kofia ndiyo unayoishika. Ikiwa hivyo, athi ipelekwe hadi kichwani. Kisha pima layivu na athi, nyutro na athi, layivu na nyutro: zote tatu mita isiseme lolote. Ukiwa na fundi jirani mwenye mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima ganda la waya, mpelekee, maana mita ya kawaida haioni ganda la waya lililo dhaifu.

Kazi ya kuwasha ifanye mchana, umevaa viatu vya mpira, sakafu kavu, mtu mmoja asimame kwenye swichi kuu. Iache iwake saa nzima, uizime, uchomoe plagi, ndipo uipapase kebo yote kwa kiganja, hasa pale inapoingia kwenye kitako.