Kuhamisha Mpilipili Uliokomaa Kutoka Ardhini Hadi Kwenye Ndoo

Mpilipili si mmea wa msimu mmoja tu. Katika joto la pwani, pilipili kichaa na pilipili mbuzi huweza kuzaa kwa miaka miwili, mitatu na pengine zaidi, kwa hiyo mpangaji anayehama nyumba, au mwenye kiwanja ambaye mafundi wanakuja kuchimba msingi, hana haja ya kuutelekeza mti unaozaa vizuri na kuanza upya na mbegu. Mti huo unahamishika, mradi anayeuhamisha awe tayari kufanya jambo ambalo wengi hulionea uchungu, nalo ni kuukata matawi.

Mizizi myembamba inayonyonya maji hutambaa mbali na shina, na sehemu yake kubwa imo katika sentimita 30 za juu za udongo, hivyo hata mchimbaji makini huiacha mingi shimoni. Majani, kwa upande wake, huendelea kupoteza maji kama jana. Ndipo mti hunyauka, mwenyewe akaingiwa na hofu na kuumwagia maji asubuhi na jioni, na mizizi iliyojeruhiwa, ikikaa kwenye tope, ikaoza. Mipilipili mingi iliyohamishwa hufa kwa maji ya ziada, wala si kwa kiu.

Kabla ya kushika jembe, ukague mti wenyewe. Ikiwa majani machanga yamejikunja na kuwa na mabaka ya njano, huenda una virusi, na kuuhamisha ni kuupeleka ugonjwa kwenye bustani mpya. Ikiwa mmea ulio jirani nao ulinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina la chini la mmea huo uliokufa na ukitumbukize ncha yake katika glasi ya maji safi: utelezi mweupe ukianza kushuka kama uzi baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hukaa kwenye udongo. Hapo acha kila kitu mahali pake.

Ndoo ya lita 20 inatosha mti mmoja. Kama ilikuwa ya rangi ya ukutani, tafuta nyingine iliyokuwa na chakula, kisha utoboe kitako chake matundu sita hadi manane kwa msumari uliopashwa moto. Mazoea ya kutandika kokoto chini hayana faida. Maji hayatoki haraka zaidi, na nafasi ya mizizi inapungua. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga au pumba za mpunga. Udongo wa kichanga, kama ule wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, hauhitaji mchanga mwingine. Badala yake ongeza mboji.

Ukiwa na nafasi, wiki mbili kabla ya siku yenyewe kata mizizi kwa kuchomeka sepeto wima kuzunguka shina, umbali wa sentimita 15 hivi, bila kuung'oa mti. Mizizi iliyokatwa itachipua mipya ndani ya duara hilo, na hiyo ndiyo itakayohama nawe. Siku moja kabla ya kuhamisha, mwagilia vya kutosha ili udongo ushikamane.

Fanya kazi jioni au siku ya mawingu, na ukiweza kuchagua, epuka jua kali la Januari na Februari. Kwanza chuma pilipili zote, hata mbichi, na uondoe maua. Kisha pogoa matawi hadi ubakize nusu au theluthi mbili ya mti, ukikata kwa mkasi mkali juu kidogo ya kifundo chenye jani. Vaa glavu, kwa sababu ukali wa pilipili hubaki vidoleni hata baada ya kunawa, na jicho ndilo hulipia. Chimba ukifuata duara lako, ingia chini sentimita 25 hivi, telezesha kipande cha kiroba chini ya bonge la udongo na uliinue kwa kiroba hicho. Usiushike mti kwa shina, maana bonge litapasuka na mizizi itabaki uchi.

Ukiona mizizi ina vinundu vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, na mti huo haufai kupewa ndoo safi. Ukiwa mzima, upande kwa kina kilekile ulichokuwa nacho ardhini, shindilia udongo kwa vidole pole pole, acha sentimita tatu chini ya ukingo, kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Uweke kivulini siku saba hadi kumi, mahali pasipo na upepo mkali. Kunyauka mchana na kuinuka usiku si dalili mbaya katika siku hizo. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Mbolea isubiri hadi machipukizi mapya yatokeze kwenye vifundo, na hata hapo anza na kiasi kidogo cha samadi juu ya udongo, huku ukiusogeza mti juani kwa saa chache za asubuhi, siku hadi siku. Maua ya kwanza yatakayochomoza kabla majani hayajajaa uyachume. Yale yatakayofuata yaache yazae.