Namna ya Kuiomba Serikali ya Nje Iwapokee Wakimbizi: Mfano wa Wavietnamu wa Mashuani

Viongozi wa jamii za wakimbizi wa Nakivale na Kyangwali, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, huniuliza mara kwa mara jinsi ya kuiandikia serikali ya nje ili ikubali kuwapokea watu wao. Huwaelekeza kwanza kwa Wavietnamu waliokimbia kwa mashua baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, kwa sababu watetezi wao walilifanya jambo hili hili na likazaa matunda.

Chagueni nchi moja na kundi moja, kwani barua inayoiomba dunia yote iwasaidie wakimbizi wote haina wa kuijibu. Mpango wa kimataifa wa kuwahudumia Wavietnamu ulipofungwa mwaka 1996, wapatao 2,000 walibaki Ufilipino bila ukaazi wa kudumu. Watetezi waliwaombea hao tu, wakieleza kwa nini hawawezi kurudi kwao wala kuendelea kuishi hivyo, na mwaka 2005 Marekani ikaanza kuwapokea.

Orodha ndiyo roho ya ombi. Nimewahi kushika orodha ambayo jina la mama mmoja lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu katika kurasa mbili, na mwanawe wa mwisho hakuwamo kabisa. Afisa akiona hivyo hulitilia shaka kundi zima. Kaeni na kila familia, mlinganishe majina herufi kwa herufi na hati ya familia iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha mwandike tarehe ya kuwasili. Serikali huhofia kwamba ikiwapokea hawa, wengine watafuata, na ndiyo maana mpango ule ule wa kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 1989, uliwatenganisha Wavietnamu waliofika kabla ya tarehe fulani na waliofika baadaye. Tarehe zenu zionyeshe kwamba kundi lenu lina ukomo.

Tafuteni pia raia wa nchi hiyo, maana mbunge humsikiliza mpiga kura wake kuliko mgeni. Kanada ilipokea takriban watu 60,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia katika miaka ya 1979 na 1980, na zaidi ya nusu yao walidhaminiwa na makanisa na vikundi vya raia, ambavyo vingeweza kuwa vya watu watano tu. Nchi hiyo hiyo iliwapokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Wao na watoto wao wanaijua Uganda, na wanastahili kuandikiwa.

Nakala ipelekwe UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo inayopendekeza majina, ingawa uamuzi hubaki kwa serikali inayopokea. Huduma hiyo ni ya bure kabisa, kwa hiyo anayechangisha pesa za kufuatilia faili akataliwe hadharani. Familia nazo ziambiwe waziwazi kwamba jina kuwamo katika orodha si tiketi, ili mzazi asimwondoe mtoto shuleni kwa kungojea ndege.