Somo: Kuondoa mng'ao kwa filta ya polaraiza

Wapendwa wapiga picha, picha zetu nyingi za samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, zina tatizo moja: weupe wa mng'ao umefunika rangi. Rangi iliyofunikwa hivyo haimo kwenye picha, kwa hiyo hata kompyuta haiwezi kuirudisha. Mng'ao uzuiwe kabla haujaingia kwenye lenzi, kwa polaraiza, yaani filta ya kuzungushwa inayokata mng'ao.

Hatua ya 1. Soma namba iliyo mbele ya lenzi baada ya alama ya Ø, mfano 67 au 77. Hicho ni kipenyo kwa milimita. Ukienda Kariakoo kununua filta ya kipenyo hicho, beba lenzi yenyewe.

Hatua ya 2. Vua filta ya UV (kioo cha kukinga lenzi) kama ipo, kisha funga polaraiza. Filta mbili zikipandana, lenzi inayoona eneo pana huleta kiza pembeni mwa picha.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Ukiwa unatazama kupitia kamera, zungusha pete ya mbele polepole. Juzi asubuhi nilisimama mbele ya beseni la changu. Robo mzunguko tu, weupe ukayeyuka, magamba mekundu yakajitokeza moja moja. Nikaendelea kuzungusha, ukarudi. Nakusihi usiuondoe wote: changu asiyeng'aa kabisa huonekana amelala sokoni siku mbili. Muachie kidogo jichoni.

Hatua ya 4. Chagua pa kusimama. Kwa maji na vioo, tazama kwa mteremko wa nyuzi kama 35 kutoka usawa wake. Ukitazama wima, filta haisaidii. Kwa anga, bluu hukolea nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Alfajiri Coco Beach jua linatoka baharini, basi geukia kaskazini au kusini. Adhuhuri, jua likiwa utosini, bluu hiyo hushuka karibu na upeo pande zote.

Hatua ya 5. Filta hula mwanga wa stopu 1.5 hadi 2; kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu. Shata (muda lenzi inapopokea mwanga) ya sekunde 1/250 inaweza kushuka hadi 1/60, na kwenye pantoni inayotikisika hiyo ni ya polepole mno. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

MASWALI

Kaka, mbona mng'ao wa bati jipya hautoki?
Kwa sababu ni chuma kitupu, na polaraiza haiwezi mng'ao wa chuma. Bodi ya gari ina rangi juu yake, hiyo utaipunguza.

Nataka mawimbi yaonekane kama ukungu. Itatosha?
Hapana dada, hapo unahitaji ND, filta nyeusi inayopunguza mwanga wote. ND1000 hupunguza stopu 10: 1/60 inakuwa sekunde 16 hivi. Stendi ni lazima.

Chumvi ya bahari imeganda kwenye filta, nifute kwa fulana?
Usifanye hivyo kabisa, ndugu yangu, chembe zitakwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha lowesha kitambaa laini kwa maji baridi, ukiweke juu ya chumvi hadi iyeyuke, ndipo ufute.