Umekosa nyumba Kampala? Anza na laini yako ya simu

Ndugu zangu mlioko Kampala na mnaoendelea kuja, muwe mmetoka Kivu, Bujumbura au Kigoma: kabla hujatafuta shirika la kukusaidia malazi, kabla hujapiga namba yoyote ya bure, hakikisha laini iliyo kwenye simu yako imesajiliwa kwa jina lako. Si kwa jina la shemeji, si la jirani, si la wakala. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Mtu mwenye nyumba ana pa kumpata. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anamjua, anamwandikia barua, na barua hiyo inamfungulia milango. Asiye na nyumba hana LC, na bila LC hana barua. Kitakachobaki kumtambulisha ni namba yake ya simu. Ofisi nyingi za misaada hapa hazikupi jibu siku unapofika. Zinaandika shida yako, zinakuambia nenda, tutakupigia. Sasa wakikupigia, nani atapokea?

Nilifika na watoto kwa basi la kutoka Kisoro. Nje ya stendi, wakala aliyekaa chini ya mwavuli alichukua kadi yangu ya mpiga kura, akaigeuza mbele na nyuma, akasema mtandao uko chini, nisubiri kidogo. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, inamaliza kila kitu. Hapa si chochote. Baada ya muda akanirudishia simu ikiwa inafanya kazi, akachukua pesa yake, akanitakia heri. Hakuniambia kwamba laini ile ameiandikisha kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa.

Miezi ikapita, simu inaita, nikaamini yote ni sawa. Kodi ikanishinda. Jioni moja nikakuta kufuli jipya juu ya kufuli langu kwenye mlango wa muzigo, yaani chumba chetu cha kupanga, vyombo vyetu viko ndani. Tukalala barazani kwa kanisa. Nikapiga namba ya bure ya wakimbizi, nikahojiwa vizuri, kesi yangu ikapelekwa kwenye ofisi moja inayotafutia akina mama wenye watoto mahali pa kulala. Wakasema watanipigia wiki hiyo hiyo. Kabla wiki haijaisha simu ikakatika, ikaandika hakuna huduma. Nikaenda kwenye duka la kampuni ya simu. Binti wa kaunta akaniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akatazama kioo chake, akasema kwa upole, akiniita mama kwa Kiganda: "Nyabo, laini hii ni ya mwanaume. Ameshakuja kuichukua." Nilipofika kwa miguu kwenye ile ofisi ya malazi, wakanionyesha walichoandika: tulipiga, akapokea mwanaume, akasema hamjui huyo mama. Faili lilikuwa limefungwa na nafasi amepewa mwingine. Hakuna aliyeniibia kwa nguvu. Mfumo wenyewe ulifuata namba, na namba haikuwa yangu.

Kwa hiyo fanyeni hivi leo, msingoje kesho. Mwombe mtu unayemwamini aanze kukutumia shilingi mia tano kwa pesa za simu: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Kabla hajaweka namba ya siri, jina la mwenye laini hutokea kwenye kioo. Lisomeni pamoja. Kama ni lako, aghairi tu, pesa haitoki. Kama si lako, laini hiyo usiitegemee hata siku moja zaidi, hata kama imekaa nawe miaka, hata kama wateja wako wote wanaijua. Nenda dukani kwa kampuni yenyewe, si chini ya mwavuli, ukiwa na kadi ya mkimbizi, au ile karatasi ya usajili wa familia tunayoiita atestesheni. Karatasi hiyo imekubaliwa kwa kusajili laini tangu 2019. Mtanzania na Mkenya waende na pasipoti. Utaweka kidole kwenye mashine. Mwambie mhudumu akusomee jina lililoingia, herufi kwa herufi, kwa sababu majina yetu ya Kikongo wanayakata vibaya, na jina lisilofanana na karatasi litakusumbua siku ya kubadilisha laini iliyopotea.

Kisha uende mwenyewe kila ofisi yenye faili lako ukatoe namba mpya. Usimtume mtoto.

Hapa nina neno na jamaa zetu. Shangazi zangu wa Uvira, wajomba wa Fizi, mnawapandisha vijana mabasi mkiwaambia wakifika Kampala UN itawapokea. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, hakuna nchi ya Afrika iliyopokea wengi zaidi, na hilo tuwashukuru. Lakini kiwanja na chakula vilipangwa kwa walioko kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II. Anayechagua Kampala amechagua kujitegemea, na kodi haimsubiri. Hata huko makazini, WFP, shirika la chakula la UN, ilikata msaada kwa karibu watu milioni moja mwaka 2025. Msiwadanganye watoto. Nanyi mlioko hapa mnaomwazima mgeni kitambulisho ili apate laini haraka, najua ni upendo. Ila siku mkigombana, au siku utakaporudi kijijini, umemwacha bila namba. Mshike mkono umpeleke akasajiliwe kwa karatasi zake.

Mtego wa pili unauma kidogo kuliko wa kwanza, lakini unakula wengi zaidi. Ni makundi ya WhatsApp yenye nembo ya UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, iliyobandikwa kwenye picha. Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021, kwa hiyo habari zetu zimehamia WhatsApp, na matapeli wamehama nazo. Wanaandika: orodha ya malazi inafungwa leo, tuma picha ya atestesheni na elfu hamsini ya fomu. Huduma ni bure. Kusajiliwa ni bure. Kuhojiwa ni bure. Kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Anayedai pesa, hata akiwa anaongea Kifuliiru, lugha ya kwetu Uvira, kwa ufasaha na anamjua baba yako, ni mwizi. Na picha ya atestesheni usiitume kwenye kundi kabisa, maana yenyewe ina majina na picha za watoto wako wote.

Namba za kuhifadhi ni chache. 0800 323232 ni ya wakimbizi na waomba hifadhi. Haikatwi salio, inaita hata kwenye simu ya tochi, na Kiswahili kinazungumzwa. Kwa mtoto aliye barabarani au anayeteswa piga 116, nayo ni bure. Kufukuzwa nyumba kinyume cha sheria au kukamatwa: Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, wanasheria bila malipo. JRS, shirika la Wajesuiti la kusaidia wakimbizi, wako Kampala pia. Mtanzania au Mkenya aliyekwama aende ubalozini kwake.

Unapopiga, omba namba ya kumbukumbu ya kesi na uiandike kwenye karatasi, si kwenye simu. Toa namba ya pili ya mtu mwenye makazi na mwenye moyo, umwambie kabisa kwamba ataulizwa habari zako. Ukipeleka simu kuchajiwa kibandani, toa laini ubaki nayo.

Watu hutuambia siku hizi kuna programu za kila kitu. Mimi sizichukii. Ila data hapa inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na kabla yake tulikuwa tukilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua WhatsApp. Mama aliyelala barazani hanunui bando. Simu ya bure inayopokelewa na binadamu anayeelewa lugha yako ndiyo teknolojia iliyonifaa, na wanaopanga mipango mikubwa wangeongeza wapokeaji simu kwanza.

Kuhusu wenyeji: Waganda wana adabu ambayo sisi wa ziwani hatuna. Atakusalimia mpaka uone haya, atakuita nyabo, na hatakuambia hapana usoni. Atasema njoo wiki ijayo. Jifunzeni kuuliza: wiki ijayo siku gani, nimwone nani? Kiswahili kwa wazee wengi bado kinabeba kumbukumbu za askari wa zamani waliokitumia kutisha watu, ingawa baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Anza kwa salamu ya Kiganda, sikio litafunguka. Jambo nisilolipenda ni lile la Kampala kutunga sheria mwaka 2019 ya kumtoza faini anayempa pesa mtoto wa barabarani. Najua kuna watu wazima wanaowatumia watoto hao, lakini mtoto mwenye njaa jioni hajui sheria hiyo. Na polisi akikukuta umelala nje akakuita mzururaji, kumbuka Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji Desemba 2022. Mjibu kwa heshima, toa karatasi zako, omba kupiga simu.

Kwa ofisi za malazi nina ombi moja. Mnapompigia mtu akapokea mwingine, msifunge faili. Bandikeni getini namba ya kesi, bila jina, ikae siku kadhaa. Wasio na nyumba tunapita getini kwenu kila asubuhi, tutaiona.