Ufunguo wa gari la kitufe umepotea: fuata hatua hizi kabla hujatoa hela

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu. Siku ukipotea huna wa akiba, gari limejifunga, na kila anayepita ana ushauri wake. Mimi ni fundi wa funguo na umeme wa magari. Naandika baada ya kumhudumia dada mmoja mwenye Toyota Harrier ambaye tayari alikuwa amelipa watu wawili, na gari bado limelala. Ufunguo ni ghali, sikatai, ila hela nyingi zaidi huliwa na kuanza kazi bila kujua gari linataka ufunguo gani.

Hatua ya 1: Kama ufunguo upo ila gari haliuoni

Badilisha betri kwanza. Nyingi ni CR1632 au CR2032, namba imeandikwa juu ya betri yenyewe. Kwenye Toyota, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Chipu ya ndani, inayoutambulisha ufunguo kwa gari, haitegemei betri ya ufunguo, kwa hiyo gari litawaka.

Hatua ya 2: Karatasi

Kadi ya gari, kitambulisho na ripoti ya upotevu ya polisi. Fundi asiyekuuliza hivi vitu achana naye, maana kesho atamtengenezea mwizi ufunguo wa gari lako bila kumuuliza pia. Kama una bima kubwa, soma mkataba wako. Baadhi zinalipia funguo.

Hatua ya 3: Jua ufunguo wako ni upi hasa

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo vumilia maelezo.

Umbo la nje halikuambii kitu. Kasha linaweza kufanana kabisa, vitufe vitatu kwa vitatu, nembo ileile, na ndani vikawa vitu viwili tofauti. Kinachotakiwa kulingana ni masafa ya redio, aina ya chipu na namba ya bodi. Magari ya soko la Japani hutumia masafa ya 312 hadi 315 MHz. Ya Ulaya, na mengi yaliyouzwa mapya huku kwetu, ni 433 MHz. Namba ya bodi imechapishwa kwenye ile sahani ya kijani ndani ya ufunguo. Kwa Toyota inaonekana kama 271451-5290, na mafundi tunataja tarakimu nne za mwisho tu.

Yule dada aliagiza wa kwake mtandaoni. Ulipofika, kila akibonyeza kitaa kidogo chekundu kinawaka, akaamini ni mzima na akamlipa fundi auingize kwenye kumbukumbu ya gari. Kitaa kuwaka kunathibitisha betri ina moto, basi. Nilipofungua kasha nikakuta bodi ni ya gari la soko jingine. Mashine ya kuprogramu ingekesha pale na gari lisingeukubali.

Sasa, ufunguo umepotea, namba ya bodi utaitoa wapi? Tumia namba ya chesesi. Gari la soko la Japani halina ile namba ya tarakimu 17. Lina fupi, kwa mfano inayoanza na ZSU60 kwa Harrier, kisha kistari na tarakimu saba. Tovuti nyingi za nje hudai zile 17 na zitakukatalia, usihangaike nazo. Peleka namba ya chesesi pamoja na picha ya kile kibati cha kwenye boneti kwa muuza spea mwenye katalogi ya magari ya Japani, akutolee namba ya spea ya ufunguo. Omba hiyo namba kwa maandishi.

Ufunguo uliotumika, wa kutoka kwenye gari lililochinjwa, una shida yake. Smati kii (huo ufunguo wa gari la kitufe) ya Toyota ikishasajiliwa kwenye gari moja inajifunga, haiingii kwenye jingine mpaka ifunguliwe kwa mashine maalumu. Muuzaji akikuambia "huu ni orijino" muulize kama umefunguliwa, na akuonyeshe. Binafsi napenda mpya wenye bodi sahihi. Zipo za kampuni ya Xhorse ambazo fundi anaziandika namba ya bodi kwa mashine. Hizo nazitumia bila wasiwasi. Zile za bei ya kutupa zisizo na namba yoyote ndani sizigusi.

Jambo la mwisho hapa: baadhi ya Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Vitz za zamani, hazina imobilaiza kabisa, yaani mfumo unaozuia gari kuwaka bila chipu sahihi. Kama dashibodi haina taa ndogo ya usalama inayomweka gari likiwa limezimwa, muulize fundi kabla hujalipia chipu usiyoihitaji.

Hatua ya 4: Bei

Dai bei iliyochambuliwa: ufunguo wenyewe, kuchonga meno ya kile kichuma cha ndani yake, kuprogramu, na nauli ya fundi kukufuata. Kupoteza funguo zote hugharimu mara kadhaa zaidi ya kuongeza wa pili, kwa sababu mashine lazima ivunje ulinzi wa gari kwanza. Ndiyo maana nasisitiza: fanya mbili kwa mpigo. Kazi ngumu inafanyika mara moja, wa pili unaongezwa kwa dakika chache.

Hatua ya 5: Kufungua na kuchonga

Fundi mwenye vifaa vya Lishi, vya kufungulia vitasa bila ufunguo, anafungua kitasa na kusoma meno yake bila kukiharibu. Hakuna kuvunja kioo, hakuna kutoboa kitasa.

Hatua ya 6: Kuprogramu

Angalia betri ya gari. Likishalala siku kadhaa moto hushuka, na ukikatika katikati ya kuprogramu unaweza kuua kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari. Mimi nafunga chaja kabla ya kuchomeka mashine, hata betri ikionekana nzima. Natumia mashine za Autel au Lonsdor. Toyota nyingi zenye smati kii zikifutwa kumbukumbu husubirisha dakika 16. Katika muda huo usichomoe kitu, na usimruhusu mtu "ajaribu kidogo".

Akija fundi anayetaka kubadilisha kontrol boksi kabla hata hajaisoma, au kukata waya gari liwake bila ulinzi, mzuie. Ndivyo fundi wa pili wa yule dada alivyotaka kufanya, na boksi lilikuwa zima.

Hatua ya 7: Kabla fundi hajaondoka

Hakikisha ufunguo uliopotea umefutwa kwenye kumbukumbu. Washa gari kwa kila ufunguo peke yake, mwingine ukiwa mbali. Funga na fungua mlango kwa kile kichuma kilichofichwa ndani ya kila mmoja. Kisha fungua kasha, piga picha ya bodi, na ujitumie kwenye simu pamoja na namba ya chesesi.